Sauti ya Bawabu

Bawabu hakufa kwa bahati mbaya. Hilo ndilo lililomkaa Kimya kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki. Angekufa kwa bahati mbaya, Kimya angempigia baba yake simu, angelia kidogo, na baba angesema, "Basi, mwanangu, ndiyo vita hiyo." Lakini Bawabu alikufa kwa mpango, na mpango ulikuwa wa Kimya mwanzo mwisho.

Ni kweli, Bawabu alikuwa mtu wa kwenye mchezo wa kompyuta. Hakuwa na mama wa kumlilia. Alikuwa na ngao kubwa kama mlango, ndevu zilizosukwa, na miguu mifupi iliyomfanya atembee kama mtu aliyebeba godoro. Baba ndiye aliyemuumba, akampa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa moja tu: kusimama penye mlango, adui wamchoke yeye kwanza, wenzake wapigane nyuma yake.

Kikosi chao kilikuwa cha watu wanne. Baba alikuwa na Bawabu na Mluzi, mpiga upinde. Kimya alikuwa na Tabibu, aliyeponya majeraha, na Kibiriti, mchawi wa moto, msichana mwembamba mwenye hasira za karibu. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Kila aliporudi, wawili hao walikaa bega kwa bega mbele ya kompyuta kuukuu ambayo Kimya alibaki nayo kutoka chuoni, wakaingia mapangoni.

Watu wengine huongea na baba zao. Hawa wawili walikuwa hawajui waanzie wapi. Binti alipewa jina la Kimya na baba huyohuyo, kwa kuwa alizaliwa akalia mara moja, akaona inatosha. Na baba naye alitoa maneno kama vile kila moja analilipia ushuru mpakani. Lakini vitani waliongea. "Mponye huyu, mponye!" "Subiri, usirushe moto, Mluzi yuko mbele yako." "Turudi nyuma, mwanangu, turudi, turudi!" Kwao hayo yalikuwa mazungumzo ya kutosha hadi safari nyingine.

Waliongea kwa kunong'ona. Mama alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, mchana analala, na kati ya kitanda chake na kompyuta kulikuwa na pazia tu. Kwa hiyo spika zilizimwa. Baba alivaa hedifoni yake ya simu, ambayo upande mmoja ulikuwa umekufa siku nyingi, akasikiliza kwa sikio la kushoto. Kimya hakusikia kitu. Lakini baba naye, macho yake yalikuwa ya mbali: kibao cha barabarani alikiona kabla ya mtu mwingine yeyote, ila maandishi madogo ya kwenye kioo yalimtawanyikia kama sisimizi. Miwani ya kusomea Kimya alimtengenezea mwenyewe, kule kwenye duka la miwani alikofanya kazi, nayo ilikaa kwenye kisanduku chake, mpya kabisa, kwa sababu baba alisema inamzeesha. Basi Kimya alisoma, baba alisikiliza. Mmoja alikuwa macho, mwingine masikio.

Mchezo ule ulikuwa na viwango vya ugumu. Kulikuwa na kiwango chepesi, cha wastani, kigumu, na cha mwisho kabisa kilichoitwa Bila Huruma. Katika Bila Huruma, aliyekufa amekufa. Mchezo unajihifadhi wenyewe kila vita inapokwisha, huwezi kurudi nyuma ukajitia hamnazo. Kimya alitaka kuanza na chepesi. Baba alicheka.

"Barabarani hawanipi chepesi," alisema. "Weka hicho cha mwisho. Tutakwenda pole pole."

Na kweli, walikwenda pole pole. Hawakupoteza mtu. Siri ya baba ilikuwa moja, na haikuwa ya kishujaa hata kidogo: alikimbia mapema. Mradi wote wapo hai na mlango wa nyuma uko wazi, kikosi kinaruhusiwa kukimbia. Baba akiona damu ya mmoja imeshuka chini ya nusu, haraka haraka anawatoa wote nje, wanakaa kando ya moto wa kambi, wanajipanga upya. Wachezaji wenye haraka wangemcheka. Baba hakujali.

Kisha wakafika kwenye Ukumbi wa Lango, na hapo wakakwama.

Ukumbi ulikuwa wa mawe, na ndani yake majitu ya mawe. Nyuma ya majitu walisimama wachawi wa majivu, ambao wakinyoosha kidole tu, Tabibu anakuwa bubu, hawezi kuponya. Walijaribu kumweka Bawabu katikati. Walijaribu kumweka kwenye kona. Walijaribu kumtanguliza Mluzi awavute majitu wachache wachache. Kila safari iliishia kwa baba kunong'ona, "Turudi nyuma." Likizo yake ikaisha wakiwa wamekaa kando ya moto wa kambi. Aliondoka na begi lake na hedifoni yake, na siku chache baadaye akapiga simu kutoka kwenye foleni ya mizani.

"Lile lango," alisema, badala ya salamu. "Nikirudi tunalipasua."

"Sawa, Baba."

"Usiliguse bila mimi."

"Siligusi."

Hakuwa na nia ya kuligusa. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, mama amelala, nguo zimeshaanikwa, na Kimya alifungua mchezo kuangalia tu. Kuangalia hakuna ubaya. Akawa anapitia maelezo ya Kibiriti, yale maandishi madogo ambayo baba hawezi kuyasoma, akakuta mstari ambao alikuwa ameuruka siku zote: moto ukiwashwa katika chumba kilichofungwa, makali yake yanaongezeka mara tatu.

Aliusoma tena. Ukumbi ulikuwa na mlango wa chuma wa kuingilia, na mlango ulikuwa na kidirisha chenye nondo.

Mpango ukaja wote kwa pamoja, mzuri, mwepesi, kama lenzi inapoingia kwenye fremu yake na kulia *tik*. Bawabu aingie peke yake, agonge ngao. Majitu yote yatamzunguka, wachawi watamfuata. Waliobaki nje wafunge mlango. Kibiriti arushe moto kupitia kidirisha.

Kimya alijiambia kuwa Tabibu ataweza kumponya Bawabu kupitia nondo. Alijiambia hivyo vizuri kabisa, kwa maneno yaliyonyooka. Lakini kabla ya kumwingiza, alimvua pete ya kijani, ile iliyokuwa inamwongezea uhai kidogo kidogo, ambayo baba aliipata kwenye kisima mwanzoni kabisa mwa mchezo na kuifurahia kama mtoto. Alimpokonya pia chupa zake za dawa. Alivigawa kwa wengine, visije vikaungua bure.

Mtu hamvui pete mtu anayetarajia kumwona tena. Hilo Kimya alilijua vidole vyake vikiwa bado juu ya kipanya.

Moto uliwaka muda mrefu. Kwa kuwa hakukuwa na sauti, ulikuwa kama moto unaotazamwa kwa mbali, katika nyumba ya watu wengine. Tabibu aliponya mara mbili, kisha mchawi akanyoosha kidole. Bawabu hakupiga magoti mapema. Alisimama na ngao yake katikati ya majitu, mgongo ukiwa umeuelekea mlango uliofungwa, na kimstari cha uhai wake kikapungua, kikapungua, kikaisha. Majitu yakaanguka moja moja. Lango likafunguka.

Na Kimya, Mungu amsamehe, alifurahi. Alirusha mikono juu kimya kimya nyuma ya pazia la mama yake. Huyu ni msichana ambaye hajawahi kushinda kitu. Dukani mteja akimkaripia, yeye ndiye anayeomba radhi. Sasa ameshinda. Furaha ilidumu hadi mchezo ulipojihifadhi, zikabaki sura tatu chini ya kioo mahali palipokuwa na nne.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichokuwa kibaya zaidi. Mbele ya lango kulikuwa na nyumba ya wageni, na pale unaweza kumwajiri mpiganaji mpya na kumtengeneza utakavyo. Kimya alimtengeneza. Ndevu zilizosukwa. Miguu mifupi. Kovu la shavuni, kushoto, alilikumbuka vizuri. Ngao ya aina ileile. Akamwandika jina: Bawabu. Akamvisha pete ya kijani.

Mchezo ukamuuliza kitu kimoja zaidi: sauti. Zilikuwepo tatu za kuchagua. Kimya akaganda. Kwa muda wote ule alimwona Bawabu akifungua mdomo, na hakuwahi kumsikia. Hedifoni ilikuwa safarini na baba. Aliwasha spika kidogo mno, akaweka sikio juu yake kama anayesikiliza moyo wa mtoto, akazisikia zote tatu, na hakuna iliyomwambia kitu. Mwisho akachagua ile nzito. Mtu wa ngao kama ile, alijiambia, lazima awe na sauti nzito.

*

Kesho yake dukani alikuwa anafuta lenzi zilizokwisha kufutwa. Fundi, mwanamke mtu mzima aliyekata lenzi zote za duka lile na kumwita kila mtu mdogo wake, alikuwa kwenye mashine ya kusaga.

"Dada," Kimya alisema, "kama watu wanne wamekwama mahali, na mmoja akiachwa watatu wanapita, kumwacha yule mmoja ni kosa?"

Fundi alizima mashine. "Umemwacha nani?"

"Nauliza tu."

"Wewe huulizi tu. Tangu uje hapa hujauliza hata choo kiko wapi, nikakuonyesha mwenyewe kwa huruma. Umemwacha nani, na wapi?"

"Ni mchezo wa kompyuta, dada."

"Lo!" Fundi alishika kifua. "Nilishaanza kupanga nitakachowaambia polisi." Alipuliza vumbi la kioo kwenye vidole vyake. "Haya. Huyo aliyeachwa, aliulizwa?"

"Ni picha tu. Haulizwi."

"Basi mwenyewe. Ana mwenyewe?"

Kimya akainama juu ya lenzi, akaifuta tena.

"Umeshajibu," Fundi alisema, akawasha mashine.

*

Baba alirudi saa za mchana. Lori lilibaki barabara kuu kwa sababu mtaa wao haulimezi, yeye akaja kwa miguu na begi begani, ananuka dizeli na vumbi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mama amelala?"

"Amelala."

Alioga, akala, na badala ya kujinyoosha kama siku zote, alivuta kiti hadi mezani. Macho yalikuwa mekundu ya barabara, lakini yalicheka.

"Njia nzima nimekuwa nalo, lile lango. Sogea nikuonyeshe." Akapanga bilauri mbili. "Huu ukuta, huu ukuta. Hapa katikati ndiyo mlango." Akachukua kijiko. "Huyu Bawabu. Sisi kosa letu lilikuwa nini? Tulikuwa tunamwingiza ndani. Asiingie! Asimame hapa hapa kwenye kizingiti, si ndani si nje. Majitu yatamfikia mawili tu kwa wakati mmoja, mengine yanabanana nyuma. Mluzi haangaiki nayo kabisa, yeye anawalenga wale wachawi juu ya kichwa cha Bawabu, mmoja baada ya mwingine. Wakiisha wao, Tabibu yuko huru. Na mambo yakiharibika, tuko mlangoni tayari. Tunakimbia."

Kimya alikitazama kijiko kilichosimama kati ya bilauri mbili. Aliona kila kitu kikienda kama alivyosema baba. Ulikuwa mpango wa mtu asiyetaka kumpoteza mtu, na ungefaulu. Alijua ungefaulu.

"Baba," alisema, na sauti ikamtoka kama ya mtu mwingine. "Nimeshalipita."

Baba alibaki ameshika kijiko. "Umelipita."

"Nilikuwa naangalia tu. Halafu nikaona njia."

"Wote wazima?"

Hapo ndipo palikuwa na mlango wazi wa kukimbilia, na Kimya hakuuona. "Wote," alisema.

Kitu kilipita usoni mwa baba haraka, kama kivuli cha gari, kisha akatabasamu hadi jino la nyuma likaonekana. "Wewe! Mimi nahesabu nguzo za umeme nikifikiria, kumbe kamanda yuko nyumbani! Ulifanyaje?"

"Kwa moto."

"Moto!" Alicheka kwa kujizuia, akatazama pazia, akajifunika mdomo. Kisha akaufuta mpango wake mezani kwa kuziondoa bilauri, taratibu, akavirudisha vyombo jikoni yeye mwenyewe. Kimya alitamani amkaripie. Angemkaripia, angalau wangekuwa sawa.

Walikaa. Baba alichomeka hedifoni, akaweka sikioni upande ulio hai. Alikuwa na desturi yake kabla ya kuanza: anawabofya watu wake mmoja mmoja, wanamwitikia. Kimya alikuwa anaiona siku zote na hakuwahi kuifikiria. Akambofya Mluzi, akatikisa kichwa kama anayepokea salamu. Akambofya Bawabu.

Hakutikisa kichwa.

Alimbofya tena. Alitoa hedifoni sikioni, akaifuta kwa fulana, akairudisha. Akambofya mara ya tatu, na safari hii alimsikiliza hadi mwisho, midomo ikiwa imebana.

"Hii hedifoni nayo," alisema, "imechoka."

Kimya aliunyoosha waya wa hedifoni, ingawa haukuwa umejikunja.

Walitoka langoni, wakaingia msituni, na hawakwenda mbali kabla ya mbwa mwitu kuwatokea. Baba akapanga kikosi. Akamweka Mluzi mbele. Bawabu akamweka nyuma kabisa, nyuma hata ya Tabibu, kama mgeni aliyekaribishwa kiti cha pembeni. Mbwa mwitu wakamrukia Mluzi, ambaye hana ngao wala koti la chuma, na kimstari chake kikaanza kushuka.

"Baba, Mluzi anaumia," Kimya alinong'ona. "Mweke Bawabu mbele."

"Simjui bado," baba alisema.

Alisema bila ukali. Alisema kama anavyosema kuhusu utingo mpya ambaye hajampa usukani. Na Kimya, aliyekuwa amejikaza tangu asubuhi, akaachia.

"Si yeye," alisema. "Ni mwingine. Nilimtengeneza. Bawabu alikufa kwenye ukumbi."

Baba aliwakimbiza wote nje ya vita kwanza, hadi kando ya moto wa kambi. Ndipo akavua hedifoni.

"Alizidiwa?"

Angeweza kusema ndiyo. "Hapana. Nilimwingiza peke yake, nikafunga mlango. Kibiriti akarusha moto ndani."

"Ulidhani atapona."

"Nilijiambia atapona." Machozi yalikuwa yameshafika, akayaacha yaende. "Lakini nilimvua pete kwanza, Baba."

Baba alikuwa anaitazama ile pete ya kijani kwenye kidole kidogo cha mtu mpya, akiwa karibu kukiegemea kioo, kwa macho yake yasiyoona karibu.

"Ungenipigia," alisema mwishowe.

"Ulikuwa unaendesha."

"Ungenipigia. Ningeegesha."

Akainuka, akatoka nje. Kimya alisikia bomba la uani likifunguliwa, maji yakilia kwenye ndoo, na baba akiosha viatu vyake vya safari, kiatu cha kwanza, kiatu cha pili, brashi ikipita na kurudi. Kwenye kioo wale wanne walikaa kando ya moto. Alitamani kuifunga kompyuta, akashindwa. Aliona kama angekuwa anafunga mlango tena.

Baba aliporudi, suruali ilikuwa imelowa magotini. Alifungua kabati, akatoa kisanduku, akavaa ile miwani ya kusomea. Ilimzeesha kweli.

"Huyu tumpe jina lake," alisema, akimwonyesha mtu wa ngao. "Si vizuri kumvalisha jina la mtu. Naye hakuomba."

"Tumwite nani?"

"Tutamjua kwanza." Akamwekea Kimya hedifoni sikioni. "Leo sikiliza wewe. Mimi nitasoma."

Kimya alibofya. Sauti nzito ikamjaa sikioni: *Niko tayari.* Ilikuwa sauti nzuri, ya heshima.

"Yule wa kwanza," aliuliza, "sauti yake ilikuwaje?"

Baba alitazama pazia. Akajikohoza, akaona haya, mtu mzima yule. Kisha akakunja shingo na kutoa kisauti chembamba, cha puani, cha mzee aliyeamshwa usingizini: "*Haya tena! Mlango mwingine! Kwani nyinyi hamna milango kwenu?*"

Kimya alishika mdomo. Kicheko na kilio vilimtoka kwa njia moja.

"Ndivyo alivyokuwa?"

"Kila siku. Kulalamika tu. *Miguu yangu! Nani kaweka ngazi hapa?* Ndiyo maana nilimchagulia sauti hiyo. Nikiwa barabarani, nikikwama, namkumbuka, nacheka peke yangu."

"Baba Kimya," sauti ya usingizi ilitoka nyuma ya pazia, "kuna mgeni?"

"Hakuna mgeni. Lala."

"Basi mwambie huyo asiye mgeni apunguze manung'uniko."

Walijibana wasicheke. Kicheko kilipopita, Kimya alifuta uso kwa kiganja. Kulikuwa na jambo ambalo hakutaka kulijua, na ilibidi aliulize.

"Akibaki peke yake, alikuwa anasemaje?"

Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kumwacha peke yake."

Akakisogelea kioo na kuanza kusoma maandishi madogo kwa sauti ya chini, neno moja moja, akikosea, akirudia. Msituni mbele yao palikuwa na kibanda, na kibanda kilikuwa na mlango. Kimya alimsogeza yule mtu asiye na jina hadi kizingitini. Kisha akamchukua Tabibu, akamweka karibu naye kabisa, hata wakagusana mabega, na hakuondoa mkono kwenye kipanya.